Barobaro Hana Kitabu

Lugha yetu haikufanya ubahili wa majina ya umri. Aliyezaliwa jana ni kichanga. Akitembea na kusema ni mtoto. Msichana anayekaribia kuvunja ungo ni kigoli, na akishavunja ni mwali. Mvulana aliyebalehe akapata nguvu za mikono ni barobaro. Baada ya hapo ndipo watu huingia utu uzima, wakawa wa makamo, wakawa wazee, na Mungu akiwazidishia siku wakawa shaibu na ajuza. Waliotuachia majina haya walijua kwamba kati ya mtoto na mtu mzima pana safari, na kila kituo cha safari hiyo wakakiita kwa jina lake. Wachapishaji wetu wa hadithi wanavijua vituo viwili tu. Kuna kitabu cha mtoto, chembamba, chenye sungura jaladani na funzo katika ukurasa wa mwisho. Na kuna kitabu cha mtu mzima, ambacho mwanafunzi hukutana nacho siku anapoambiwa kwamba kitaulizwa katika mtihani. Kigoli na barobaro hawana kitabu.

Sisi tunaoandika maneno haya ni walimu wa Kiswahili katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, yaani Rumonge na vijiji vyake, kuanzia Minago upande wa kaskazini mpaka kuelekea Nyanza-Lac upande wa kusini. Hatuandiki ili kuomba sadaka ya vitabu. Sadaka tumekwisha kupewa, na baadhi yake tutaieleza hapa chini. Tunaandika kwa kuwa tunadhani wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi, ambao kwao duka la vitabu si safari ya siku nzima, hawalioni pengo hili kwa sura yake halisi. Wao huliona kama upungufu wa bidhaa, mfano wa sukari iliyoadimika sokoni, ambayo kesho italetwa. Sisi tunaliona kuwa ni mlango. Kila mwaka wasomaji wa Kiswahili wenye umri wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, kumi na minne, hutoka kwa mlango huo, na wengi wao hawarudi tena.

Kwa msomaji asiyepafahamu kwetu, Rumonge ni mji wa mawese na samaki, zaidi kidogo ya kilomita 70 kusini ya Bujumbura. Nyuma yake ni michikichi, mbele yake ni ziwa. Usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa dagaa huwaka majini hata mgeni akadhani kwamba kuna mji wa pili upande wa pili wa gati. Kiswahili kilifika hapa pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, kikakaa. Wajerumani walikitumia katika utawala wao hadi walipoondolewa mwaka 1916. Wabelgiji na wamisheni wakakitilia shaka, wakikiona kuwa ni lugha ya Waislamu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, Kirundi kilikuwa lugha ya taifa na Kifaransa kikawa lugha ya ofisi. Kiswahili hakikupewa kiti, lakini hakikuondoka barazani: kilibaki sokoni, msikitini, mitumbwini, na katika mitaa kama Buyenzi kule Bujumbura.

Kisha ukaja mwaka 1972. Machafuko yaliyoanza tarehe 29 Aprili katika mwambao huu huu, na mauaji yaliyofuata katika nchi nzima, yaliwakimbiza watu wengi mpaka Tanzania, nao wakawekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto wao, na wajukuu wao, walisoma shule za msingi za Tanzania kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2008 zaidi ya 50,000 kati ya wakimbizi hao wa 1972 na uzao wao walirudi Burundi, na wengi waliielekea kusini hii ya ziwa. Wakakuta mashamba yao yana watu wengine na shule zina lugha nyingine. Habari za mashamba zimeandikwa na wengi. Habari za lugha hazikuandikwa sana, na za hadithi hazikuandikwa kabisa.

Mmoja wetu anamkumbuka msichana wa miaka kumi na minne aliyerudi na wazazi wake miaka hiyo. Kwa kuwa hakujua Kifaransa, aliketishwa darasa moja na watoto wa miaka kumi, magoti yake yakigonga dawati. Lakini Kiswahili alikisoma kama maji yanavyoteremka. Basi mwalimu akaona amsaidie, akafungua kabati. Rafu ya chini ilikuwa na vitabu vya watoto vilivyotolewa msaada, akampa kimoja, hadithi ya mbuzi mkaidi asiyesikia la mama yake. Msichana akakigeuza nyuma, akasoma maandishi madogo: kwa watoto wa miaka 7 hadi 9. Akakirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu yote, akasema, "Mwalimu, hiki nitampelekea mdogo wangu." Rafu ya juu ilikuwa na vitabu vya watu wazima, navyo havikuwa vingi. Akakichukua kimoja kwa kuwa kilikuwa chembamba: *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990. Wanaoifahamu *Nagona* wanacheka sasa hivi. Ni riwaya ambayo wasomi wa vyuo vikuu wamekuwa wakibishana maana yake tangu ilipotoka. Baada ya siku tatu alikirudisha nacho, kwa adabu ile ile, wala hakuomba kingine.

Hatumlaumu Kezilahabi kwa kuandika *Nagona*, wala hatumlaumu mtungaji wa mbuzi mkaidi. Kila mmoja alimwandikia msomaji wake. Tunauliza tu: kati ya mbuzi na *Nagona*, ni nani aliyekuwa akimwandikia msichana yule?

Jawabu la kwanza tunalopewa kila mara ni kwamba mambo haya yanahitaji muda, kwamba fasihi ya Kiswahili ya vijana bado changa, na kwamba itakua. Jawabu hili hatulikubali. Kitu kinachokua polepole huwa kidogo kila mahali. Hiki chetu ni kingi hapa na kingi pale, na katikati ni kitupu. Tuangalie mahali lilipo pengo lenyewe. Nchini Tanzania mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na siku anapoingia kidato cha kwanza Kiingereza hukalia kiti. Kwetu Burundi mtoto huanza kwa Kirundi, na tangu darasa la tano Kifaransa hushika usukani. Sasa chukua vitabu vya hadithi vya Kiswahili uvipange kwa umri wa wasomaji. Utaona vinakatika palepale shule inapobadili lugha. Huo si mwaka ambao waandishi walichoka. Ni mwaka ambao wakubwa wetu waliamua kwamba Kiswahili kimemaliza kazi yake kwa mtoto, na sasa akabidhiwe kwa wengine.

Anayeona tunatia chumvi na atazame mambo yalivyokwenda Dar es Salaam. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa Tanzania mwaka 1991, na kazi uliyoifanya ni ya kuheshimiwa: vitabu vya Kiswahili vya watoto vikaandikwa na Watanzania wenyewe, vikanunuliwa, vikapelekwa shuleni. Baadhi ya vitabu hivyo vimevuka mpaka mpaka kabati letu. Mwaka 2008 ikaja Tuzo ya Burt, iliyofadhiliwa na Mkanada kwa njia ya shirika la CODE, nayo ikaendeshwa kwa mkono wa mradi ule ule. Hii ilikuwa tuzo ya hadithi za vijana, hasa wale wa umri tunaousema sisi. Laiti ingeishia hapo, leo tungekuwa tukiandika makala ya shukrani. Lakini sharti lake kwa Tanzania lilikuwa kwamba miswada iandikwe kwa Kiingereza. Tafakari, ndugu msomaji: katika nchi ambayo Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, mtoto alitungiwa kwa Kiswahili na ndugu yake wa miaka kumi na mitano akatungiwa kwa Kiingereza. Wafadhili walitaka kuwasaidia wanafunzi wa sekondari wakiweze Kiingereza cha darasani, na shabaha hiyo hatuna haja ya kuitukana. Twasema tu kwamba waandishi wetu wenye kipawa cha kuongea na vijana walipewa fedha waongee nao kwa lugha nyingine, wakati ule mlango ulipokuwa wazi kabisa.

Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ajili ya fasihi ya Kiafrika iandikwayo kwa Kiswahili, ilikuja na mafungu ya riwaya na ushairi. Hatuna neno juu yake ila kwamba riwaya inayopelekwa kwa majaji kama hao huandikwa ili majaji waione ni ya watu wazima. Mwandishi si mjinga. Huandika pale penye meza.

Hapa watainuka wenzetu waliosoma miaka ya sitini na sabini watuambie: mbona sisi tulisoma, na pengo hili hatukuliona? Ni kweli walisoma, na tuwaulize walisoma nini. Walisoma *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965. Walisoma *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba ya mwaka 1974, wakamfuata Willy Gamba katika kila ndege aliyopanda. Walizisoma chini ya dawati na chini ya blanketi kwa mwanga wa kibatari, kwa kuwa mwalimu akizikuta alizichukua, na mwalimu mwenyewe, tuseme kweli, alizimaliza kuzisoma nyumbani kabla hajazitupa. Wahakiki wakaziita riwaya pendwa, kwa sauti ya mtu anayetaja mchele wenye mawe. Hazikuandikwa kwa ajili ya vijana, na mengi yaliyomo hatungemsomea kigoli kwa sauti. Hata hivyo, ndizo zilizokuwa daraja. Zilikuwa na sentensi fupi, zilikuwa na mwendo, na hazikumhubiria mtu. Daraja hilo la miti lilijengwa na watu ambao chuo hakikuwatambua, na sisi walimu tuliopaswa kulitia nguzo tulishika shoka.

Kosa letu sisi walimu ni kubwa kuliko hilo. Mwaka 1971 Kezilahabi, kijana wa Ukerewe, mtoto wa kisiwa cha ziwa kama sisi tulivyo watu wa ziwa, alitoa riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika*. Rosa ni mwanafunzi. Anatoka nyumbani kwa baba mkali, anaingia shule ya sekondari hajui lolote la wanaume wala la mwili wake mwenyewe, na ujinga huo aliolelewa nao ndio unaomwangamiza. Kitabu kile kilikuwa kikimtazama mwali usoni. Basi kikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Walimu, wazazi na viongozi walikubaliana kwamba msichana wa umri wa Rosa asisome yaliyompata Rosa. Kuna hoja ya haki katika kuchunga mtoto asikabidhiwe kila kitu, na miongoni mwetu wamo wanaoona kwamba kurasa fulani za kitabu kile zinastahili kungoja. Lakini hoja hiyo ingekuwa na uzito kama wangetoa kingine mahali pake. Walifunga mlango wa chumba kimoja katika nyumba yenye vyumba viwili.

Mchapishaji naye ana utetezi wake, na ni haki tuusikilize. Anasema: kijana hana fedha, mzazi wake hununua kitabu cha darasani akishindwa kukikwepa, mnunuzi wangu wa kweli ni serikali, na serikali hununua kwa orodha, na orodha imepangwa kwa madarasa. Kitabu kisichokuwa katika orodha kitaoza ghalani. Utetezi huu ni wa kweli kwa kiasi kikubwa. Katika Afrika Mashariki yote biashara ya vitabu imesimama juu ya mgongo wa shule. Lakini utazame mfano wa Kenya. Mwaka 1996 Ken Walibora, marehemu sasa, alitoa *Siku Njema*: kijana yatima anatoka Tanga, anavuka mpaka, anamtafuta baba yake. Hadithi ina safari na mashaka, ina maneno matamu kupita kiasi (pengine mengi kuliko tunavyopenda sisi), na mwenye kusimulia ni huyo kijana mwenyewe. Ikasomwa kwa hiari, ikarudiwa na waliokwisha kuimaliza, ikapendwa kabla na baada ya kutiwa katika mitihani. Mwanafunzi wetu mmoja aliiazima kwa jamaa yake aliyefika kutoka Kenya, na kitabu kile kikarudi baada ya miezi minne, jalada limekwenda, kimepita mikono ambayo hatukuweza kuihesabu. Anayesema kwamba vijana hawasomi na atuambie jalada lile lilikwenda wapi.

Nasi tena tujitazame. Kitabu kama hicho kikishaingia darasani, tunakifanya nini? Tunakichinja. Jadili wahusika, taja dhamira tano, eleza matumizi ya tamathali za usemi. Mwanafunzi hununua muhtasari wa kitabu badala ya kitabu. Katika hilo hakuna mfadhili wala serikali ya kulaumu peke yake.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu mwaka huu. Wapo wanaotaka kuliziba pengo, nao twawashukuru, lakini dawa wanayoileta ni kupanga vitabu kwa miaka na kuiandika miaka hiyo jaladani: 7 hadi 9, 10 hadi 12, 13 na zaidi. Wanasema ndivyo dunia iliyoendelea inavyofanya. Dunia hiyo yenyewe haijakubaliana. Mwaka 2008 wachapishaji wa Uingereza walipotaka kuchapa umri juu ya vitabu vyote vya watoto na vijana, kuanzia miaka mitano na kuendelea, mamia ya waandishi walipinga, Philip Pullman akiwa mstari wa mbele. Walisema kwamba namba ile itamwaibisha msomaji wa polepole mbele ya wenzake na itamfukuza mwenye hamu. Wafaransa, ambao shule zetu zimewaiga kwa mengi, walikuwa na njia yenye staha zaidi: kampuni ya Hachette ilikuwa na vitabu vya jalada la waridi kwa wadogo tangu karne ya 19, na katika miaka ya 1920 ikaongeza vya jalada la kijani kwa waliokwisha kukua kidogo. Mtoto akihama kutoka waridi kwenda kijani alijua amepanda. Rangi haimtangazii mtu umri.

Kama namba inaleta taabu London, ambako watoto wa umri mmoja huketi darasa moja, itakuwaje Rumonge? Kwetu darasa la tano lina mtoto wa miaka kumi na moja na barobaro wa kumi na sita. Yupo aliyechelewa kwa kuwa mvua ya mwaka 2021 au ya 2024 iliongeza maji ya ziwa mpaka yakaingia ndani ya nyumba yao, wakahama, akapoteza mwaka. Yupo aliyekatiza masomo akaenda ziwani, kwa kuwa katamarani inahitaji mikono, na mwenye chombo haulizi miaka; huuliza kama unaweza kuvuta wavu. Yupo aliyerudi kutoka ng'ambo na Kiswahili kingi na Kifaransa sifuri. Na yupo Mrundi wa mlimani ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya tatu au ya nne, husoma kwa kusokota ulimi, lakini ana akili ya mtu mzima na amekwisha kumzika baba yake. Huyu wa mwisho anahitaji Kiswahili chepesi. Umpe kitabu chenye Kiswahili chepesi, na juu yake pameandikwa "miaka 7 hadi 9"! Umempa maji ukayatemea mate.

Desturi iliyo bora iko mlangoni petu, wala hatukuiona kwa kuwa tunaipita kila siku. Katika vyuo vya Kurani vya mwambao huu mtoto hapangwi kwa miaka. Hupangwa kwa juzuu. Mtoto wa miaka minane aliyefika mbali huketi karibu na kijana wa kumi na mitano aliyeanza juzi, na anayeulizwa amefika wapi hutaja sura, hataji umri. Kijana yule haoni haya, maana kitabu alichonacho ni kile kile walichopitia wote, na jalada lake halimwambii mtu kwamba ni cha wadogo. Siku hizi mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini na taasisi ya Saide, hupanga hadithi zake, za Kiswahili zikiwamo, kwa ngazi za usomaji: maneno ya kwanza, sentensi za kwanza, aya za kwanza. Hiyo ndiyo hesabu ya chuo kwa nguo mpya. Kasoro yake ni ile ile ya wengine, kwamba hadithi zenyewe ni za wadogo, na ngazi zinaisha kabla ya barobaro hajafika.

Kwa hiyo tunachodai ni hiki. Iandikwe hadithi yenye Kiswahili chepesi na mambo mazito. Iwe na kurasa mia moja au pungufu, maana mwenye kusoma kwa taabu akiona kitabu kinene hukata tamaa kabla ya kukifungua. Aliyemo ndani awe na umri wa msomaji na shida za msomaji: msichana ambaye familia yake imerudi na shamba lao lina nyumba ya mtu mwingine, na mtoto wa mtu huyo ndiye anayekaa naye dawati moja, kijana anayevua usiku na kusinzia darasani asubuhi, mwali anayeandikiwa barua na mtu asiyestahili kumwandikia. Mambo haya yapo, tunayaona kila siku, wala hayahitaji kutungwa kwa shida. Na funzo lisiwekwe mwishoni kama muhuri wa posta. Mwenye miaka kumi na mitano huinusa hotuba tangu ukurasa wa tatu, akafunga kitabu.

Tungependa pia wahariri watuachie maneno yetu. Samaki ambaye Kigoma humwita mgebuka, kwetu ni mukeke, na tulikwisha kuona muswada wa mwalimu mwenzetu uliorudishwa na mhariri mmoja, ambaye hatutamtaja, kila mukeke amegeuzwa kuwa mgebuka kwa wino mwekundu. Mtoto wa Rumonge akikuta mukeke kitabuni hujua kwamba kitabu kimefika kwao. Mtoto wa Tanga atajifunza neno jipya, naye hatapungukiwa kitu; sisi tumejifunza maneno yao mangapi!

Kuhusu umri jaladani, hatukubaliani nao hata kidogo. Anayelazimika kupanga vitabu vyake na avipange kwa rangi, au kwa alama, au kwa ngazi za chuo. Orodha ya miaka na ibaki katika daftari la mwalimu na la mwenye duka, ambao ndio wanaoihitaji. Mipaka ya mikoa yetu imechorwa upya mara mbili katika miaka kumi: mwaka 2015 Rumonge ikafanywa mkoa, na mwaka 2025 mikoa 18 ikapunguzwa kuwa mitano, nasi tukaingia Burunga. Kama ardhi na watu vinaweza kupangwa upya kwa sheria moja, sidhani kwamba jalada la kitabu ni kitu kigumu.

Mwenzetu mmoja aliposoma rasimu ya maneno haya aliuliza ni nani atakayeandika hadithi hizo, maana Burundi ina waandishi wachache wa Kiswahili, na wa Tanzania na Kenya hawalijui ziwa letu upande huu. Swali ni la haki. Jawabu tunaloliona ni kwamba wengine miongoni mwa watakaoandika wamo madarasani. Kule Marekani kitabu kinachotajwa mara nyingi kuwa chanzo cha riwaya za vijana, *The Outsiders*, kilitoka mwaka 1967, na S. E. Hinton alianza kukiandika akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, kwa kuwa alichoka kungoja watu wazima waandike habari za wenzake.

Kwa upande wetu tumefanya mambo mawili madogo. La kwanza, vitabu vyote vya rafu ya chini tumevivika karatasi ya kaki, mbele na nyuma, na umri umefunikwa. Juu ya kaki tumeandika jina la hadithi tu. Tangu tulipofanya hivyo mbuzi mkaidi ameazimwa na wavulana wawili wenye ndevu. La pili, muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wanaotaka daftari la kurasa 32 kila mmoja, tukawaambia waandike hadithi ambayo wangependa kuikuta kabatini, na hatutaisahihisha kwa alama. Madaftari kumi na moja yamerudi. Saba hayafai, au hayajafaa bado. Manne tumeyasoma kwa sauti darasani, na moja lao, la kijana aliyeacha shule akavua miaka miwili kisha akarudi, liliombwa lirudiwe. Linaanza usiku, ndani ya katamarani, taa ya karabai imezimika katikati ya ziwa na nahodha amelewa. Sarufi yake ina makosa tuliyoyaacha kama yalivyo. Tunatafuta mchapishaji atakayelisoma, na tutamlipia nauli ya daftari mpaka popote alipo.